Mkono Uliooshwa kwa Ndimu

Mwiko ulitua juu ya vifundo vya vidole kwa mlio wa kuni kavu, na Walidi akaruka, mkono kwapani, machozi yamemlenga.

"Nimeiona," alisema Fathiya, wala hakuinua uso kutoka kwenye sufuria ya sima.

"Umeiona wapi, nawe watazama jiko?"

"Pembe yake ilichungulia hapa." Akamshika mkono, akamgusa baina ya kidole gumba na cha shahada, kisha akampiga tena papo hapo, asije akasahau mahali penyewe.

Hayo ndiyo yalikuwa masomo. Walidi aifiche karata kiganjani, mkono aulegeze kama mkono wa mtu asiye na lake duniani, na Fathiya apike. Akiiona, apige. Mwiko wenyewe ulikuwa wa mti wa mkoko, umechongwa na Husein, kaka yake Walidi, kutoka kwenye kipande kilichobaki cha taruma la mashua. Fundi wa watu alidhani anachonga chombo cha jikoni! Kwa miezi sasa mkono wa kulia wa Walidi ulikuwa na rangi ambazo hata samaki wa mwambani hana.

Fathiya alikuwa binti wa ami yake, amemzidi mwaka mmoja wa umri na ishirini ya ulimi. Wote walitoka kisiwa cha Chovae wadogo, wakakulia Kismayu katika nyumba moja, nyuma ya ufuo wa waunda mashua, na yeye peke yake ndiye aliyeijua siri ile. Wazee wa nyumba hawakuwa na subira ya kutenganisha kiini macho na sihri. Wangemwona kijana amepunga karata hewani ikapotea, wangemsomea Yasini kwanza na kumuuliza maswali baadaye.

Walidi alijifunza kwenye simu, kwa mtu mmoja asiyesema lugha yoyote aijuayo, mwenye vidole virefu, laini, kama tambi zilizoiva. Sauti aliizima, akatazama mikono tu. Mtu yule aliinua karata mbili ukaapa ni moja. Alichanga pakiti nzima, mbio mbio, na ya juu ikabaki juu. Alifumba kiganja, akafumbua, hamna kitu. Na Walidi naye akajaribu hayo yote kwa vidole vya mtu aliyeshinda akipaka sifa.

Sifa, kwa asiyeijua, ni mafuta ya maini ya papa. Maini huwekwa juani mpaka yakate tamaa yageuke mafuta, na mafuta hayo ndiyo mbao za mashua zinywazo ili zisije zikanywa bahari. Harufu yake haina mfano wa heshima. Lakini Mola kawahurumia waunda mashua: mtu akishinda nayo, pua yake huacha kumwambia.

"Karata zako zanuka kama papa aliyekufa mara mbili," Fathiya alimwambia.

"Mimi sisikii kitu."

"Wewe! Wewe utaoza mzima na usisikie. Tena zateleza. Mafuta yameingia kwenye karatasi, kila moja imevimba kama shavu la mwenye jino. Nenda kaoshe mkono, we mtu. Osha kwa ndimu, osha kwa majivu, osha kwa sabuni ya unga. Na kuanzia leo mkono huo usiingie kwenye sifa."

"Na kazi nitafanyia nini?"

"Kushoto. Mungu kakupa miwili. Na karata moja shinda nayo kiganjani huko huko ufuoni. Mimi nina jicho moja tu, jingine liko kwenye sima. Huko kuna macho ya watu. Wasipoiona wale mchana kutwa, haitaonekana tena na yeyote."

"Nichukue ipi?"

Fathiya akachomoa mwenyewe: ree ya kopa, kopa moja nyekundu katikati ya karatasi nyeupe. "Hii. Ukiipoteza usirudi kula."

Basi asubuhi iliyofuata Walidi aliingia ufuoni mkono wa kulia wanukia kama wa bwana harusi, ndimu imemchoma kila mpasuko wa ngozi, na ree ya kopa imelala kiganjani, imebanwa kwa shina la kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho. Alipaka mbao kwa kushoto. Alipokea misumari kwa kushoto. Mzamil, mpiga kalafati, aliyekuwa akishindilia pamba kwenye nyufa za mashua mpya, alimtazama akasema, "Mkono huo una nini, umeposa?" Wakacheka. Karata haikuonekana. Walidi alijiona mfalme.

Husein hakucheka, maana Husein akiwa na tezo mkononi hasikii dunia. Mkono wake wa kulia ndio uliokuwa shamba, ndio duka, ndio baba wa nyumba ile. Baba yao alipokufa, Walidi akiwa hajaota meno ya mbele, ni mkono ule uliomlisha, na ni mkono ule uliomzaba makofi alipostahili, na mara nyingine kabla hajastahili. Tezo likipita juu ya ubao, ubao ulitoka na mviringo wa nyonga. Kuna mafundi wengine Kismayu, lakini wenye mashua walimngoja Husein.

Ufuo ule, kama kila kitu cha mji wenye bandari, ulikuwa na mwenye bunduki wake. Leo huyu, kesho yule. Wa siku hizo aliitwa Abdulkadiri Turub. Turub ni karata kwa Kisomali, na jina alilipata kwa namna anavyohukumu. Mtu akimkosea, Abdulkadiri hakupandisha sauti. Alitoa pakiti mfukoni, akazitandaza karata kifudifudi, akasema, "Si mimi, ni karata. Nyekundu, nenda kwa amani. Nyeusi, mkono." Omar, mchukuzi wa bandarini, alivuta shupaza, na mpaka leo mkewe ndiye amnyweshaye chai. Muuza barafu alivuta pau. Tangu aje mtu huyo, hakuna aliyewahi kuvuta nyekundu, na watu wakatikisa vichwa, wakasema mji huu kweli una madhambi.

Mwenyewe alikuwa mtu wa bara, mtoto wa wafugaji, asiyekula samaki hata kwa njaa. Kila apitapo ufuoni alijifunga puani kitambaa cha uturi, na bado alipita akitema mate.

Kabla ya adhuhuri mmoja wa askari wake, Uthman, kijana mfupi kuliko bunduki yake, alichoka kukaa bure. Kunguru walikuwa wametua juu ya mashua. Akawapiga risasi. Kunguru wakaruka wazima wote, na risasi ikaingia ubavuni mwa mashua, ikatoka upande wa pili na kibanzi cha ubao kirefu kama kidole, kikaenda kumkita Mzamil shingoni. Mzamil alikaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo, damu yamtoka baina ya vidole.

Husein alishuka kutoka juu ya jukwaa. Hakukimbia. Alichukua nyundo ya mbao ya kalafati, akamwendea Uthman aliyekuwa bado anacheka, akampiga nayo mdomoni. Meno yalitoka kama mbegu za tikiti. La pili akampiga gotini, na goti likaenda upande ambao magoti hayaendi. La tatu halikufika. Askari wengine walimvamia kwa vitako vya bunduki, wakampiga mgongoni, mbavuni, usoni, wakampiga amelala, na mmoja akampiga kwa kiatu sikioni mpaka akachoka. Kisha wakamfunga mikono kwa kamba yake mwenyewe ya kupimia.

Walidi alikuwa amesimama. Karata ilikuwa bado kiganjani. Mwiko wa Fathiya ulikuwa umeufunza mkono ule kukaa kimya hata mwenyewe akiwa hayuko sawa.

Abdulkadiri alikuja, kitambaa puani. Alimtazama Uthman, akamtazama Husein, akauliza, "Mkono gani uliopiga?"

"Ha kuia," alisema Uthman, maana herufi nyingine zilikuwa mchangani pamoja na meno.

Wakaleta ubao, wakaulaza juu ya magogo mawili. Mwisho wa ubao palikuwa na debe la sifa, wazi, nusu. Abdulkadiri alilisogelea, akajuta, akarudi mwisho wa pili. Akaweka nyundo ya chuma. Akatandaza karata, mgongo juu, mgongo mwekundu wenye maua, ule ule wa pakiti zote zinazouzwa Kismayu, na wa ile iliyo mkononi mwa Walidi. Watu wa ufuoni walikuwa wamezunguka, wapakaji, wachukuzi, wanawake waliokuja kununua samaki. Aliwapenda wawepo.

"Si mimi, ni karata," akasema. "Vuta."

Husein alitema damu. "Mikono umeifunga. Nivute kwa ulimi?"

Mtu mmoja alicheka, akajuta. Abdulkadiri alimtazama Uthman tena, na lile goti, akaona si busara kuufungua mkono ule. "Nani atamvutia?"

Nani amvutie mwenzake nyeusi, kisha aishi naye mji mmoja?

"Mimi," alisema Walidi. Sauti ilitoka nyembamba, ya mtoto. "Ni kaka yangu."

"Walidi, rudi nyuma," alisema Husein.

"Nyamaza, kaka."

Alikuwa hajawahi kumwambia hivyo maishani. Akasogea mwisho wa ubao, karibu na debe, akanyoosha mkono wa kulia juu ya karata. Fikra zote zilimtoka, ikabaki moja tu: pembe isichungulie. Akachagua moja ya ukingoni, akaivuta kwa ncha za vidole, akaiinua kidogo upande wake tu. Pau. Saba ya pau, nyeusi kama kunguru.

Yule mtu wa vidole vya tambi alikuwa na desturi moja. Kila alipotaka kufanya la kufanya, alitazama kwingine, na watu wakatazama pamoja naye.

"Uthman!" Walidi akapiga kelele, macho yamemtoka. "Damu yako yadondokea karata!"

Wote wakamgeukia Uthman. Hata Uthman alijitazama. Na katika nafasi ile, fupi kama kupepesa, saba ya pau iliteleza kutoka kwenye ncha za vidole, ikaenda kwenye debe la sifa bila kulia hata chubwi, na kiganja kikashuka, kikaacha kitu chake juu ya ubao.

"Nilidhani," alisema Walidi. Akaigeuza.

Ree ya kopa.

Ufuo ulilipuka kwa takbiri. Wanawake walipiga vigelegele. Mzamil, kitambara shingoni, alilia kwa sauti. Hata askari mmoja alipiga paja akasema, "Waryaa! Leo nyekundu imetoka!" na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli.

Abdulkadiri aliitazama ree ile kama mtu aliyefungua nyumba yake akakuta mgeni amekaa anakula. Aliitazama mno. Na Walidi, aliyekuwa ameshinda miezi akijifunza kusoma macho ya mtu anayetazama karata, aliyafuata macho yale mpaka ubaoni. Aliziona zile nyingine, zimelala kifudifudi, akajua. Pakiti ile haikuwa na nyekundu hata moja. Omar hakuwa na madhambi. Muuza barafu hakuwa na mkosi. Zilikuwa nyeusi tupu, tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo Abdulkadiri alijua amechezewa, tena alijua hawezi kusema. Aseme vipi? Karata hii si yangu? Ataambiwa geuza zako tuzione. Na miongoni mwa wa kumwambia hivyo walikuwamo askari wake mwenyewe, walioamini, maskini, kwamba wanatumikia bahati.

"Mfungueni," akasema.

Wakamfungua Husein. Mikono yake yote miwili, mizima, vidole kumi.

Abdulkadiri alikusanya karata zake taratibu, akazitia mfukoni. Ree ya kopa aliibakisha. Akaishika kwa vidole viwili, akaipapasa, akashusha kitambaa cha uturi, na akainusa. Uso ulimkunjamana. Akainusa tena, na safari hii alitabasamu.

"Simameni mstari," aliwaambia wapakaji. "Mikono mbele."

Alianza mwanzo wa mstari, akainama juu ya kila mkono kama mgeni anayemwamkia shekhe. Mkono wa kwanza, akarudi nyuma, akakohoa. Wa pili, akatema mate. Mikono yote ilinuka sifa, maana ilikuwa siku ya kupaka. Mikono ile ingenuka sifa hata kaburini. Watu walianza kubana vicheko. Walidi, katikati ya mstari, alivuta pumzi. Mshenzi huyu atafute papa baharini, alijiambia. Akitaka mwenye harufu, atufunge wote.

Kisha Abdulkadiri akafika kwake, akainama, asirudi nyuma.

Ndimu. Majivu. Sabuni ya unga. Ndiyo harufu iliyokuwa kwenye karata, chini ya ile ya papa.

Debe la sifa lilikuwa pale pale, hatua moja kutoka alipokuwa amesimama. Karata alikuwa ameiachia kwa juu, kwa madaha, asiuchafue mkono. Angeuchovya hata kidole kimoja, angekuwa mpakaji kama wapakaji wenzake. Miezi yote alimwambia Fathiya hasikii harufu yoyote, na sasa kwa mara ya kwanza aliisikia, kutoka kwa wenzake wa kulia na wa kushoto, nzito, nzuri, na yeye peke yake hanayo.

Abdulkadiri alimsogelea sikioni. Alisema polepole, asisikie mwingine. "Umeitoa wapi?"

Hapo palikuwa mahali pa kulia, pa kuomba, pa kumtaja mama. Lakini kuna watu Mungu kawaumba mdomo kwanza, mengine yakafuata.

"Si mimi," alisema Walidi. "Ni karata."

Abdulkadiri alinyoosha mgongo. Kosa la karata hakuweza kulitaja, ikabidi apate jingine. "Huyu mvivu!" aliwatangazia watu. "Wenzake wanuka kazi, yeye anuka sabuni! Mkono usiofanya kazi wa nini?"

Wakamlaza mkono juu ya ubao, askari wawili juu ya bega, mmoja juu ya kiwiko. Husein alivunja mzunguko wa watu, akasimamishwa na mtutu kifuani. Alikuwa ameshaikunja ngumi. Walidi aliiona, akaona kaka yake atauawa au atavunjwa pale pale, na yote yaende bure.

"Kaka, mikono yako!" alipiga yowe. "Iweke nyuma mikono yako! Nyuma!"

Husein aliiweka nyuma. Ilikuwa kazi ngumu kuliko yoyote aliyoifanya kwa tezo.

Nyundo ya kwanza ilishuka juu ya vifundo vile vile ambavyo Fathiya alivizoea, na Walidi, kabla maumivu hayajafika, alifikiri: nimeiona. Kisha yakafika. Ya pili ilivunja mifupa ya kiganja, mlio wa kukanyaga maganda ya chaza. Ya tatu sijui ilivunja nini, maana hakukuwa na kilichobaki kizima. Ngozi ilipasuka, na damu ikaingia kwenye ubao kama sifa iingiavyo, bila haraka. Wanawake walikuwa wamefunika nyuso. Yule askari aliyefurahia nyekundu alitazama viatu vyake.

Mganga wa mifupa alifunga alichoweza kukifunga. Vidole viwili havikurudi kukunjika, na cha tatu hukunjika kikitaka. Husein alitia kiraka tundu la risasi, akaimaliza mashua, ikashushwa majini. Wakati wa kula alikaa upande wa kulia wa Walidi, akamchambulia samaki miiba, akamsogezea minofu. Walidi alimwambia, "Kaka, hata mimi nina mkono wa pili." Husein aliendelea kuchambua.

Habari ya pakiti nyeusi Walidi alimpa Fathiya peke yake, kwa kiapo. Fathiya alimpa Bi Kaltuma muuza samaki, kwa kiapo kile kile. Haikupita wiki. Abdulkadiri alipomtandazia karata mvuvi mmoja wa kisiwa cha Fuma, Bi Kaltuma alisema kutoka nyuma ya kapu lake, "Zigeuze kwanza, mwanangu, tuzione zilivyo nzuri." Askari wake nao wakainamisha shingo, wangoja. Abdulkadiri alizikusanya. Mvuvi yule alivunjwa mkono vile vile, lakini bila karata, kama avunjavyo mwenye bunduki yeyote, na jina la Turub likamtoka. Ikawa Abdulkadiri tu. Yule askari wa kupiga paja aliacha bunduki mlangoni pa kambi, akarudi kwao.

Sima ilikuwa jikoni. Fathiya alisonga. Walidi alikaa juu ya kibao, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine, wa kushoto umelegea.

"Haya," alisema.

Fathiya alitazama. Safari hii aliacha kusonga, akatazama kwa macho yote mawili, mkono wa kushoto mbele, nyuma, baina ya vidole. Akauinua, akaugeuza nusu, akauachia. Sima ikaanza kuungua.

"Sijaiona," alisema hatimaye.

Akainua mwiko akampiga juu ya vifundo, mpaka karata ikaruka ukutani.

"Mama yangu! Hukuiona! Hilo pigo la nini?"

"La kunuka sabuni," alisema Fathiya, na akarudi kwenye sufuria haraka, asimwone macho.